Umepata tangi la samaki la mtumba? Lisafishe hivi kabla ya kuweka samaki

Mtumishi wa Mtwara akihamishwa, friji hupanda lori, godoro hupanda lori, tangi la samaki hubaki. Nani atabeba kioo kutoka Shangani hadi Dar es Salaam? Basi hupewa jirani, au huuzwa kwa bei ya kutupa, au husukumwa stoo mpaka mtu alikumbuke. Anayelipokea huona ukoga uliokauka, vumbi na mstari mweupe juu ya kioo, akaenda moja kwa moja kuchukua sabuni ya unga. Samaki wake wanakuwa wameshauawa kabla hawajanunuliwa.

Ule uchafu unaouona hautishi, asubuhi moja unautoa. Kinachoua samaki ni vitu viwili visivyoonekana: dawa iliyowahi kugusa tangi lilipokuwa limekaa tu, na kemikali tunazolisafishia wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na brashi. Maelezo ni ya tangi la kioo la maji baridi, yaani la samaki wasiotoka baharini. Kama tangi lako ni la plastiki ngumu, mengi yatakufaa, ila sahau kabisa wembe na spiriti, kwani wembe utalichana na spiriti italitia nyufa.

Uliza lilikotoka

Muulize aliyekupa, bila haya: "Mama, hili tangi lilikuwa linakaa wapi? Liliwahi kuwekwa nini zaidi ya samaki?" Majibu ya swali hili yana uzito kuliko saa tatu za kusugua.

Mikoa yetu hii ya Mtwara na Lindi ni ya korosho. Msimu wa kupulizia mikorosho, stoo za nyumbani hujaa salfa ya kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), chupa za dawa za wadudu, bomba la kupulizia na ndoo zilizochanganyiwa dawa. Tangi tupu ni chombo kizuri mno cha kuweka chupa hizo zisianguke. Salfa ya unga yenyewe huoshwa ikatoka. Tatizo ni dawa za maji za wadudu, hasa zile za jamii ya pairethroidi. Mtu akizigusa kidogo hudhurika kidogo, lakini kwa samaki ni sumu kali hata zikiwa chache sana ndani ya maji. Gundi ya silikoni iliyoko kwenye maungio ya tangi inaweza kuzinyonya, kisha ikaziachia polepole tangi likijazwa. Utaosha mara kumi, wiki ya pili samaki wanaanza kuzunguka kama walevi na kulala ubavu.

Msimamo wangu hapo ni mkali: tangi lililohifadhia dawa za mikorosho, mafuta ya taa, petroli au rangi, usilirudishe kwenye samaki. Otesha maua humo, au liwe kabati la maandazi... hapana, hata maandazi usiweke. Maua.

Kinyume chake pia kipo. Tangi lililokuwa kabati la maandazi ni salama, lina mafuta tu. Magadi kidogo kwenye maji ya vuguvugu hukata mafuta hayo vizuri, kisha unasuuza mpaka kioo kisiteleze tena kwenye kidole.

Uliza vilevile samaki wa mwisho walikufaje. Wakikwambia walikuwa wanakufa mmoja mmoja, wamekonda, wana vidonda au mgongo umepinda, chukulia kwamba kuna ugonjwa ndani ya tangi. Hatua ya kuua vijidudu, nitakayoieleza mbele, usiiruke.

Vitu vya kuwa navyo

Ndoo mbili mpya, zisiwe zilizofulia. Sponji mpya ya jikoni ambayo haijatiwa sabuni, mswaki wa zamani kwa ajili ya pembe, wembe, siki nyeupe, chumvi, jiki ya kawaida isiyo na harufu ya maua, glavu za mpira, na vitambaa safi. Steliwaya acha jikoni, huchora kioo. Glavu si mapambo. Ndani ya matangi ya samaki huweza kuishi bakteria anayeitwa Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko wa mkono na kuleta vinundu au vidonda vinavyokaa wiki nyingi bila kupona. Ukipata kitu cha namna hiyo baadaye, mwambie daktari kwamba ulishika tangi la samaki, maana bila kuambiwa hatalifikiria.

Kama bado kuna maji ndani, usiyavute kwa mdomo kupitia mpira. Ujaze mpira maji ya bomba kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, ingiza ncha moja ndani ya tangi, nyingine ishushe kwenye ndoo, achia. Maji hayo machafu ni mbolea nzuri kwa mchicha na mgomba, ilimradi tangi halikuwa na dawa.

Mimea na konokono waliobaki wasiende mtoni wala ziwani. Wakaushe juani mpaka wakauke kabisa, kisha tupa au choma. Ziwa Rutamba kule Lindi lina perege wake wa asili, na viumbe wa kuletwa ni hatari kwao. Tangi lako lisiwe mlango wa wageni wengine.

Kukwangua

Litoe tangi nje, kivulini, uliweke juu ya mkeka au kipande cha godoro. Kioo kilichochomwa na jua la saa sita kikimwagiwa maji ya kisima kinaweza kupasuka. Maji ya moto juu ya kioo baridi, hivyohivyo. Vuguvugu inatosha.

Anza na mchanga. Upo, hata kama huuoni. Kwa nyumba za Shangani na Mikindani mchanga uko mpaka kwenye sukari. Chembe moja ikibanwa kati ya sponji na kioo itachora mstari utakaoutazama miaka yote. Kwa hiyo suuza kwanza kwa maji mengi bila kugusa, geuza, mwaga, rudia. Ndipo ushike sponji.

Ukoga uliokauka ulowanishe kwa kitambaa chenye maji kwa nusu saa, utalainika. Chumvi ya mawe iliyosagwa kidogo kwenye sponji yenye maji husaidia kusugua, na huku kwetu chumvi si bidhaa ya kutafuta. Mabaki yaliyogoma yapitie kwa wembe: kioo kikiwa na maji, wembe umelazwa karibu usawa na kioo, unasukuma kuelekea mbele bila kurudisha nyuma. Ukifika karibu na pembe, simama upana wa kidole kabla ya silikoni. Wembe ukikata silikoni umejitengenezea mvujo, na hutaujua mpaka sebule ilowe. Pembe zimalize kwa mswaki.

Mstari mweupe

Huu ndio unaowashinda watu, kwa sababu wanautibu kama uchafu. Si uchafu, ni chokaa. Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mawe yenye chokaa, na kila maji yanapopungua ndani ya tangi kwa jua na upepo, chokaa hubaki kwenye kioo, tabaka juu ya tabaka. Sabuni haiwezi kuyeyusha chokaa hata ukisugua hadi jioni. Asidi inaweza, na asidi ya jikoni ni siki.

Laza tangi ubavu, ule upande wenye mstari uwe chini. Chukua kitambaa au karatasi ya chooni, ukunje kama utambi mpana, uloweshe siki isiyochanganywa na maji, uulaze juu ya mstari wote. Sikiliza: ikiwa chokaa ni nene, utasikia mchemko mdogo, na ukiinua pembe ya kitambaa utaona mapovu madogomadogo kwenye kioo. Hiyo ni gesi ya kaboni inayotoka chokaa ikiliwa. Mapovu yakikoma, siki imechoka, mwagia nyingine. Acha saa moja au mbili, kitambaa kisikauke. Kisha pitisha wembe kwa namna ileile. Chokaa ya juu hutoka kama unga wa muhogo, ile ya chini inaweza kuhitaji siki mara ya pili. Upande ukiisha, geuza tangi, hamia kioo kingine. Huna siki? Ndimu hufanya kazi hiyohiyo, ila utakamua nyingi.

Baadhi ya vioo vya zamani hubaki na ukungu mweupe hata chokaa ikishatoka yote. Hapo kioo chenyewe kimeliwa au kimechorwa, na hakuna siki itakayokirudisha. Jaza maji kabla hujakata tamaa, kwa kuwa mikwaruzo mingi midogo hupotea machoni tangi likiwa na maji.

Suuza siki yote. Yote kabisa. Utaona sababu baadaye kidogo.

Je, linavuja?

Wengi hufanya jaribio hili mwisho, tena ndani ya nyumba. Mimi nalifanya hapa katikati, kwa sababu hakuna faida ya kuua vijidudu kwenye tangi litakaloishia kuwa la maua.

Piga hesabu kwanza. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo kuna kilo 54 kabla hujahesabu kioo na mawe, uzito wa mfuko mzima wa saruji na ziada. Meza ya plastiki haibebi hilo. Liweke kwenye sakafu ya saruji, juu ya kipande cha sponji nyembamba au stairofomu, na ukague usawa kwa pima maji ya fundi.

Tandika magazeti makavu au maboksi yaliyokunjuliwa kuzunguka chini. Jaza theluthi, subiri saa mbili. Jaza nusu, subiri tena. Ndipo ujaze mpaka karibu na juu na uliache siku nzima, ikiwezekana mbili. Pitisha kidole kikavu kwenye kila ungio kwa nje, na tazama magazeti: doa la maji kwenye karatasi huonekana hata pale ambapo tone halionekani. Angalia pia kama kioo cha mbele kinatuna. Usilisogeze tangi likiwa na maji, hata kidogo tu, hata mkiwa wanne.

Likivuja kwenye ungio la ndani, linatibika. Kioo kilichopasuka sikishauri kukitibu, hasa nyumba yenye watoto.

Silikoni utaipata kwa mafundi aluminiamu na maduka ya vifaa vya ujenzi. Soma tyubu: iwe silikoni tupu, isiwe ile ya bafuni iliyowekwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, kwa hiyo kupaka juujuu ni kupoteza pesa. Kwangua mstari wa ndani wa zamani mpaka kioo kitupu, futa kwa spiriti, acha ikauke. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za pembe, paka silikoni kwa mkono mmoja usiosita, ilainishe kwa kidole chenye glavu iliyolowa, toa utepe kabla haijaganda. Pembe zote nne na chini zifanye siku moja, ziungane zikiwa mbichi. Silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unyevu inao wa kutosha, lakini ipe angalau siku mbili. Wiki ni bora. Mpaka harufu ya siki inayotoka kwenye silikoni iishe, usitie maji. Halafu rudia jaribio. Ikiwa maji yanatoka kati ya kioo na kioo, si kwenye mstari wa ndani, tangi linahitaji kubomolewa na kuunganishwa upya, kazi ya fundi anayeijua.

Kuua vijidudu

Jiki na siki havikutani. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Hata mabaki ya siki kwenye kitambaa yanatosha kukukosesha raha. Ndiyo maana nilisema suuza yote. Jiki isikutane pia na dawa za kusafishia vioo zenye amonia, wala dawa za choo. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, watoto wakiwa mbali.

Changanya lita moja ya jiki na lita tisa za maji kwenye ndoo. Hakuna haja ya kulijaza tangi. Pitisha sponji yenye mchanganyiko huo kwenye kila kioo, kila pembe, mdomo wa juu, na uendelee kulowesha ili pasikauke kwa dakika 15 hadi 20. Jiki hufanya kazi kwenye kioo safi tu: ukoga ukiwepo, nguvu yote ya klorini huishia kwenye ukoga. Jiki iliyokaa dirishani tangu mwaka juzi nayo haina kitu, nunua mpya.

Kama ulishuku ugonjwa wa kukonda na mgongo kupinda, jiki peke yake usiitegemee, kwani bakteria wa jamii ya Mycobacterium huivumilia klorini. Baada ya kusuuza jiki na tangi kukauka, futa ndani yote kwa spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Mbali na jiko, mbali na sigara.

Kisha suuza mara tatu au nne, na liache tangi wazi juani siku mbili, likiwa kavu. Kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba ni rafiki wa kazi hii kuliko dawa yoyote ya dukani. Klorini haivumilii jua. Kabla ya kuendelea, ingiza kichwa ndani na unuse pembe. Ukisikia harufu ya jiki, hata kwa mbali, suuza tena na urudishe juani. Ukiwa na dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki, tia kwenye maji ya suuzo la mwisho, zaidi ya kipimo cha kawaida.

Vilivyomo ndani

Sponji ya zamani ya filta tupa, bei yake haifai kubishaniwa. Filta yenyewe ifungue mpaka kwenye kile kipangaboi kidogo chenye sumaku kinachozunguka. Humo ndimo nywele, mchanga na chokaa hujificha na kuifanya pampu inung'unike. Loweka vipande vya plastiki kwenye siki, suuza sana, kisha jiki, suuza tena. Mota usiizamishe kwenye jiki. Waya uliochubuka, hita yenye ufa au ukungu ndani ya kioo chake: jalalani. Kwa joto la Mtwara na Lindi wafugaji wengi hawahitaji hita hata kidogo.

Kokoto za zamani zinaoshwa kwenye ndoo, kiganja kwa kiganja, mpaka maji yawe maangavu. Magogo ya mapambo yachemshe. Mawe usiyachemshe wala kuyatia motoni, maana unyevu ulionaswa ndani unaweza kuyapasua kwa kishindo. Yasugue tu na kuyamwagia maji ya moto.

Mchanga na mawe ya ufukweni ni kishawishi kikubwa kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini. Vina chumvi, na vingi ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa ileile uliyohangaika kuitoa, itakayoendelea kuyeyuka na kupandisha ugumu wa maji. Jaribu kwa tone la siki: jiwe likichemka, lirudi. Matumbawe usiyaguse kabisa, na eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, si mahali pa kuokotea mapambo. Mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri unafaa zaidi.

Maji ya kwanza

Weka tangi mahali litakapokaa, mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja klorini ipungue, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yanatumika, ila acha mvua za mwanzo zioshe vumbi la paa kwanza, na kwa kuwa hayana madini, yachanganye na ya kisima. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kisha ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Tangi sasa ni safi, na usafi huo una gharama yake: bakteria wazuri wanaokula uchafu wa samaki nao wamekufa. Mkojo na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, inayovumilika. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kukua. Washa filta, tia chakula cha samaki kidogo kila baada ya siku chache ingawa hakuna samaki, na kama una rafiki mwenye tangi lenye afya, muombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke ndani ya filta yako. Bakteria watahamia humo, nawe utapunguza muda.

Ukiwa na vipimo, subiri amonia na nitriti zisome sifuri zote mbili. Usipokuwa navyo, timiza wiki sita, kisha anza na samaki wawili au watatu wagumu kama gapi. Walishe kidogo mara moja kwa siku, badilisha robo ya maji kila wiki, na usiongeze wengine mpaka hao wamalize wiki mbili wakila vizuri. Wakianza kuhema juu ya maji, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo. Na mwenye nyumba akileta kopo la dawa ya mbu ya kupuliza, funika tangi kwa nailoni na uzime pampu ya hewa kwanza, maana pampu huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini.